Mjomba wa Ofisa wa Umeme

Hakuna ofisi iliyowahi kumshinda Koneksheni! Hayo ni maneno yake mwenyewe, na kwa kuwa hakuna aliyemwuliza, tuyaache hivyo hivyo. Kwake yeye foleni ilikuwa ya mayatima. Mtu mwenye watu wake hapangi mstari!

Mkewe alikuwa amefungua saluni. Vioo vipo, viti vinang'aa, umeme hakuna! Bila mita, wateja wangehamia kwa jirani na chumba alichokodi kingemponyoka.

"Baba watoto, nikapange foleni?"

"Foleni? Mke wangu mimi? Niachie!"

Asubuhi akatinga ofisi ya umeme, jogoo kwenye mfuko. Foleni ilifika barabarani. Akaipita kifua mbele bila hata kuwatazama watu. "Nipisheni, mimi ni mjomba wake ofisa!" Wakampisha, maana mjomba ni mjomba.

Ofisa, mama mmoja wa miwani ambaye Koneksheni hakuwahi kumwona tangu azaliwe, akainua macho.

"Mjomba?"

"Tena mjomba hasa! Nimekubeba mgongoni mimi! Nataka kijimita cha saluni ya mke wangu, na huyu jogoo ni zawadi yako."

Jogoo akawika, karani mmoja akamwaga chai. Mama wa miwani akatabasamu. Koneksheni akajiona keshavuka mto!

"Jamani mmesikia? Huyu ni mjomba wangu!"

"Tumesikia!" foleni ikaitikia.

"Basi pole, mjomba. Kanuni haituruhusu kuhudumia ndugu. Ombi la mtu yeyote wa nyumbani kwako litakwenda makao makuu, na huko mtu husubiri mpaka anasahau alichoomba."

Jasho likamtiririka. "Mama, nilikuwa natania! Sikujui wala hunijui!"

"Mjomba, wanikana mbele za watu?"

"Aibu!" foleni ikapiga kelele. "Anakana damu yake!"

Koneksheni akageuka kutafuta mtetezi, na nani yule wa pili kwenye mstari? Mkewe! Alidamka alfajiri akaja kupanga foleni, kwani alimjua mumewe vizuri mno. Koneksheni nusura aruke kwa furaha.

"Mama watoto! Waambie mimi si mjomba wake!"

Ofisa akavua miwani. "Dada, huyu ni mumeo? Kama ndiye, basi wewe ni mke wa mjomba, na ombi lako..."

Mwanamke akamtazama Koneksheni kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Kisha akazitazama mita mpya zilizopangwa mezani.

"Huyu? Simjui, dada. Ila mkewe, popote alipo, nampa pole."