Hoja Sita za Mwalimu Sostenes

Jumatatu, 14 Julai

Mkuu wa shule, Mwalimu Paschal, ameniita ofisini asubuhi. Hakunikaribisha kiti. Amesema mwaka jana Kidato cha Nne walipata F ishirini na tisa za Historia, na F zote hizo zina jina langu. Mtihani wa moko wa wilaya, ule wa kujipima kabla ya wa taifa wa Novemba, ni siku kumi zijazo. Wakifeli tena, darasa atapewa Madam Yasinta.

Yasinta! Ana miaka miwili kazini. Mimi nina kumi na tisa. Huyu Yasinta huwakalisha wanafunzi dakika kumi wakitazama swali tu, kalamu zimewekwa chini. Ndani ya dakika kumi mimi nimeshamaliza hoja mbili na mifano yake.

Nimerudi nyumbani na huzuni ya kweli. Hata mlenda umenishinda kula. Nalala mapema.

Jumatano, 16 Julai

Jana niliamka na wazo, nalo ni hili. Vita vya Maji Maji havikosi kwenye mtihani. Kwa hiyo darasa zima, wanafunzi arobaini na mmoja, watakariri insha moja. Utangulizi mmoja, hoja sita, hitimisho moja. Utangulizi nimeutunga mwenyewe: "Kabla ya yote, ikumbukwe kwamba tangu kuumbwa kwake binadamu hajawahi kunyamaza mbele ya uonevu." Niliposoma mara ya pili nilisisimka.

Hoja tunazikariri mstarini, kabla ya kufagia. Kodi. Pamba ya lazima. Kazi za shuruti. Ukatili wa maakida. Ardhi. Dharau kwa mila. Wanaitikia kwa pamoja na vumbi linapanda. Mkuu alitoka nje kusikiliza. Nina hakika mguu wake ulikuwa unapiga chini.

Yasinta alipita na daftari zake. Aliniuliza kwa upole kama wanajua wataulizwa nini. Nimemjibu kwamba wanajua watakachojibu, na hiyo ndiyo kazi.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya ibada nimekwenda Shelui kumwona Rebeka. Alimaliza kwetu mwaka juzi. Sasa anauza vitunguu na mafuta ya alizeti pale malori yanaposimama. Kila nikimwona naumia, maana alikuwa hodari wa kukariri kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Ana D tatu. Akipata ya nne, chuo cha maendeleo ya jamii kinampokea. Kilichomkwamisha ni F ya Historia. Yangu.

Mkuu amemruhusu afanye moko pamoja na sisi. Lakini baba yake ameshasema neno la mwisho: moko ikirudi na F, hakuna cha Novemba, abaki na beseni lake la vitunguu.

Nilimpa insha Alhamisi. Leo nimemwambia aitoe. Aliitoa yote, huku akipima vitunguu na kuwarudishia madereva chenji. Hakukosea hata mfano mmoja. Machozi yalinilengalenga. Halafu akaniuliza hoja hizi ni za swali gani.

Nilimwambia ni za Maji Maji. Akasema hilo analijua, anauliza swali. Nikamwambia swali litakuja lenyewe, yeye awe tayari tu. Akainamisha kichwa. Kisha akaniambia kwamba Madam Yasinta hupita jioni kununua vitunguu na humwachia maswali kwenye vipande vya karatasi. Kabla ya kuandika chochote, Rebeka lazima aseme kwa mdomo wake mwenyewe anaulizwa nini.

Kumbe! Nilijiuliza siku nyingi mtu anayeishi peke yake anamaliza vipi vitunguu vyote vile. Nimemkataza Rebeka asichanganye mafundisho. Ameitikia, sawa mwalimu. Hakunitazama usoni.

Alhamisi, 24 Julai

Imetoka! Swali la saba. Nilichungulia karatasi ya ziada ofisini, nikaona Maji Maji, nikairudisha mezani. Hiyo ilinitosha.

Nikapita dirishani taratibu, kama mtu anayekwenda chooni. Kalamu arobaini na moja zilikuwa zinakimbia. Mwaka wa kumi na tisa huu, sijawahi kuona darasa likiandika hivyo. Rebeka naye aliandika ukurasa mzima. Halafu akaweka kalamu chini na kurudi kwenye swali, kidole kikifuata mstari. Akachukua rula. Akaukata ukurasa wote.

Sikuruhusiwa hata kukohoa. Nilikwenda nyuma ya stoo ya majembe nikamwombea. Masikini binti wa watu, Yasinta amemharibu.

Kwa wale wengine, jioni nimechinja jogoo.

Jumatano, 6 Agosti

Kiomboi, makao ya wilaya. Tunasahihisha moko. Karatasi zina namba tu, na hakuna anayepewa za shule yake.

Saa nne hivi, Mwalimu Calist wa meza ya pili alianza kusoma kwa sauti. "Kabla ya yote, ikumbukwe kwamba tangu kuumbwa kwake binadamu..." Chumba kikacheka. Akachukua ya pili. Kabla ya yote, ikumbukwe. Wakacheka zaidi. Mimi pia nilicheka, tena kuwazidi, ili nisijulikane. Ilipofika ya ishirini hakuna aliyekuwa anacheka. Mama Evodia, kiongozi wetu wa usahihishaji, alizipanga zote mbele yake, arobaini na mbili. Hata ile yenye ukurasa uliokatwa kwa rula ilianza hivyo hivyo. Akasema shule nzima imeibia. Zote zitafutwa, wapate sifuri.

Nililiona lile beseni la vitunguu. Nililiona waziwazi, na mikono yake ndani.

Nikasimama. Nikasema hawakuibia, ni mimi niliyewakaririsha, na aliyekata ukurasa naye hana kosa. Sauti ilitoka nyembamba. Calist alishusha miwani.

Mama Evodia hakunifokea. Alinipa karatasi ya maswali akaniomba nisome la saba. Nikasoma: "Vita vya Maji Maji havikuenea Tanganyika nzima. Eleza kwa nini baadhi ya jamii hazikujiunga." Akauliza swali linataka nini. Nikasema, sababu za Vita vya Maji Maji. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Nikasema, sababu za Vita vya Maji Maji, na utangulizi. Mara ya tatu alinisomea yeye, polepole, kama nesi anavyomweleza mgonjwa dawa.

Ndipo nikaelewa. Watu waliulizwa kwa nini wengine hawakupigana, na watoto wangu wakaeleza kwa nini wengine walipigana. Wote arobaini na mmoja, kwa mwandiko mzuri. Nilikaa. Nimeona aibu leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na ninaiandika hapa ili iwe imeandikwa.

Hawakufuta karatasi. Calist alifungua ile ya arobaini na mbili. Chini ya mistari ya rula kulikuwa na hoja nne tu. Wengine walikuwa mbali na habari haikuwafikia. Wengine walikuwa wameshapigwa na Wajerumani miaka ya nyuma na walikuwa bado wanazika. Wengine watawala wao walikuwa wamepatana na Wajerumani. Wengine walikuwa na ugomvi na majirani waliojiunga. Mama Evodia alisema afadhali mmoja amesoma swali.

Jumatatu, 18 Agosti

Matokeo yamebandikwa. Kidato cha Nne, F arobaini na D moja. Rebeka, C.

Alikuja na mfuko wa vitunguu kunishukuru. Baba yake amekubali, Novemba anafanya mtihani. Alisema alipomaliza ukurasa ule alijiuliza ameulizwa nini, akaona amejibu kitu ambacho hakuna aliyemuuliza. Nilimwambia najivunia yeye. Ni kweli. Nililazimika kugeuka na kufuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Kidato cha Nne amepewa Yasinta. Mimi nimepewa Kidato cha Kwanza. Sikulalamika, nilistahili. Lakini wiki mbili hizi nimekaa nikatafakari kosa lilikuwa wapi, maana mtu mzima lazima ajifunze. Nimelipata. Hoja hazikutosha! Tulikuwa na sita za waliopigana, na hatukuwa na hata moja ya wasiopigana.

Kwa hiyo zitakuwa kumi na mbili. Tumeanza leo mstarini. Kodi, pamba, shuruti, maakida, ardhi, mila. Halafu umbali, habari, vipigo, watawala, ugomvi, na ya kumi na mbili naitafuta. Wapo sabini na tatu na sauti zao zinafika barabarani. Kabla ya uji walikuwa wameshazishika zote.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni za swali gani. Darasa zuri sana.