Marehemu wa Vita vya Mzinga

Uluguru, mwaka 1906

Kwa Bwana Mhariri, salamu zikufikie ukiwa mzima kuliko mimi.

Ama baada ya salamu, mimi ni Mwinjuma bin Rehani, mkulima wa huku milimani, niliyekufa vitani kwa mujibu wa gazeti lako. Naomba kusahihishiwa, kwa adabu zote.

Moja. Uliandika, kwa maneno ya Bwana Luteni, kwamba washenzi mia tatu walimvamia kambini karibu na Mikese, wakipiga ngoma za vita. Bwana, tulikuwa watu kama ishirini, tukimpeleka binti yangu Hidaya kwa mumewe. Ngoma zilikuwa za harusi. Mikuki ilikuwa miwa.

Pili. Uliandika tulikuwa na mzinga mkubwa. Kweli, ulikuwapo: wa nyuki, umetundikwa juu ya mti ambao Bwana Luteni alipiga hema chini yake. Tulipoona moshi wa jiko lake unaufikia, tukapiga kelele, "Bwana, mzinga! Mzinga!" Mkalimani wake, mtu wa pwani, akamfasiria kuwa tumeleta mzinga wa kubomolea ngome. Bwana Luteni akaamuru, "Pigeni!" Askari wakaulenga, wakaupata barabara. Hapo ndipo vita vilipoanza.

Tatu. "Adui alitawanyika." Alitawanyika, lakini nyuma ya Bwana Luteni, aliyetupita mbio bila kofia. Mimi nilijitosa kijitoni, nikabakiza pua tu juu ya maji, nikahesabiwa maiti. Asali tuliyookota hukuitaja kabisa.

Nne, na hili ndilo linaloniuma. Nilikuwa nyumbani, nala na kulala vizuri, hata gazeti lako likaja likasomwa barazani kwa jumbe, jina langu likiwamo kati ya maiti. Mke wangu Mwaisha akavaa nguo za eda. Akaniambia, "Mume wangu, mimi siwezi kubishana na serikali. Kalale kwa kaka yako mpaka eda iishe." Nimesomewa hitima. Nilihudhuria. Wali ulikuwa mchache, na mbuzi alikuwa wangu.

Basi, ikiwa Bwana Luteni hawezi kukosa maiti, andika walau kwamba nilijeruhiwa. Sikio langu limevimba hadi leo. Lipo tayari kutoa ushahidi.

Wasalimie wapiga chapa wote na watoto wao. Msalimie na Bwana Luteni. Tunasikia amepewa nishani, na kwamba jicho lake la kushoto limeanza kufunguka. Tumefurahi kwa yote mawili.

Wako mtiifu,
Mwinjuma bin Rehani (hai)

Nyongeza: Tafadhali usiichape barua hii. Hivi punde askari wamepita kukusanya watu wa kubeba mizigo mpaka Gairo. Walipolitaja jina langu, karani wao akasema, "Huyo alikufa vitani, Mungu amrehemu," wakaenda zao. Nimefikiri upya. Maneno ya Bwana Luteni ni kweli tupu. Tena tulikuwa mia nne, wakali sana. Na shemeji yangu Agustino, sasa ndio nakumbuka, aliuawa ubavuni pangu. Mchape upesi kati ya waliokufa, maana askari wanarudi Jumatatu.