Amri ya Kufunua Sanamu

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba Idara ya Mambo Yasiyoeleweka, baada ya vikao vingi na chai nyingi, imeanza rasmi kutowaelewa Wakatoliki.

Tangazo hilo aliliandika Kaimu kwa mkono wake. Alikuwa amekaimu ukurugenzi wa idara muda mrefu hivi kwamba hata mkewe alimwita Kaimu, na watoto wakamwita Baba Kaimu. Alichotaka duniani ni kimoja tu: kuthibitishwa kazini. Na Mheshimiwa, mkubwa wake wa kazi, alishamwambia, "Niletee jambo moja kubwa lisiloeleweka, nikuthibitishe."

Basi Kaimu akaenda kanisani, na mambo akayaona. Watu wanachovya vidole kwenye maji mlangoni, wala hawanawi. Wanasimama, wanakaa, wanapiga magoti, wanasimama tena, bila mshereheshaji wa kuwaambia. Mama mmoja aliingia kwenye kijumba cha mbao, akanong'ona dirishani, akatoka anatabasamu. Kaimu, aliyetumikia serikali ujana wake wote bila kuona mtu akitoka dirishani anatabasamu, alilipigia jambo hilo mstari.

Lakini kilichomtoa macho hasa ni masanamu. Yote yamefunikwa vitambaa vya zambarau, gubigubi. Na aliyekuwa juu ya ngazi akifunga kitambaa, pini mdomoni, alikuwa mama mkwe wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nishikie ngazi."

Akashika. Si rahisi kumhoji mtu huku umemshikia ngazi, lakini alijitahidi.

"Mama, idara inauliza. Huyu mmemfunika kwa nini?"

"Si Kwaresima inaelekea mwisho? Tunawafunika mpaka mkesha wa Pasaka."

"Na watu wanasali mbele yake hivyo hivyo, hawamwoni?"

"Wanajua yupo."

"Wanajuaje?"

"Mwanangu, mimi ndiye niliyemfunika. Tena nilianza kwa kumpangusa vumbi puani."

Kaimu akarudi ofisini moyo kwatu. Watu wazima, wana akili zao, wanaheshimu kitu kilichofunikwa! Alipofika uani alisimama mbele ya turubai la buluu lililofungwa kamba, akavua kofia, akainama, kama kila mfanyakazi anavyotakiwa kufanya asubuhi na jioni. Chini ya turubai, kila mtu alijua, kulikuwa na sanamu ya Mheshimiwa, ikisubiri kuzinduliwa tangu Kaimu hajaota kitambi. Akavaa kofia yake, akaingia ndani kuandika amri: kila sanamu iliyofunikwa katika eneo hili ifunuliwe hadharani Jumatatu, umma ujue unainamia nini.

Jioni mama mkwe akaja nyumbani kwake. Hata kukaa alikataa.

"Baba, nakuomba. Mkesha ule tunaingia kwenye giza. Taa zikiwaka ghafla, watoto wanaziona zile sura upya, wanapiga kelele. Mwaka mzima wanaungojea usiku huo. Ukitufunulia Jumatatu, unatuachia nini?"

"Mama, amri ni amri. Haibagui."

"Haibagui?"

"Hata kidogo."

Mama mkwe akajifunga khanga yake vizuri, akaenda zake.

Mheshimiwa alipoisoma amri alichanua. "Kila sanamu! Umefikiri, Kaimu. Tunaanza na yangu, halafu tunakwenda kwa hao wengine. Jioni nakuthibitisha."

Jumatatu uani kulikuwa na matarumbeta, viti vya plastiki na watu tele. Kina mama wa kanisani walikaa mstari wa nyuma wakingoja zamu yao. Mama mkwe alikuwa anapinda upindo wa kitambaa kimoja, maana mikono yake haijui kukaa bure.

Kaimu akakata kamba, akavuta turubai kwa nguvu zote. Likachanika katikati, likaanguka.

Palikuwa na mifuko ya saruji iliyoganda. Juu ya mifuko, toroli limepinduliwa. Juu ya toroli, ndoo, ambayo kwa miaka yote ndiyo ilikuwa kichwa.

Mlinzi wa geti akaipigia saluti. Mkono ulishazoea.

"Nani ameiba sanamu yangu?" Mheshimiwa akanguruma.

"Haijaibwa, Mheshimiwa," akasema fundi mchongaji kutoka katikati ya watu. "Haijachongwa. Malipo yangu si ulisema utayatunza wewe mwenyewe, wasije watu wakayala?"

Mtu akakohoa.

"Funika," Mheshimiwa akamwambia Kaimu kwa sauti ya chini. "Funika upesi! Hiyo amri yako naifuta sasa hivi. Na kuthibitishwa, sahau."

Kaimu akalitazama turubai lililopasuka. Akavua kofia, akapenya katikati ya watu mpaka mstari wa nyuma, akainama kuliko alivyowahi kuiinamia ile ndoo.

"Mama, samahani. Hicho kitambaa..."

Mama mkwe akakata uzi kwa meno, akakikunja, akampa.

"Chukua, baba. Ila sisi vyetu tunavitoa mkesha wa Pasaka." Akalitazama lile toroli. "Nyie chenu mtakitoa lini?"