Lenzi ya Silvano, Rangi ya Fedha

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeingia kwenye historia. Nimetengeneza lenzi ya mawimbi ya terahezi kwa kibao cha plastiki cha kukatia mboga! Cha mke wangu, Anastazia. Hajui. Nimekichonga miduara ndani ya miduara, mpaka mkono ukafa ganzi. Wengine wanaagiza lenzi kama hii Ulaya, kwa bei ya ng'ombe na ndama wake.

Mawimbi yenyewe hayana maringo. Yanapita kwenye plastiki, karatasi, hata boksi. Yakikuta chuma tu, yanarudi yalikotoka. Hilo nimeliandika ukutani kwa herufi kubwa, mkono wangu mwenyewe: KWENYE CHUMA HAYAPITI.

Nimejaribu. Mawimbi yamekusanyika pale pale nilipotaka, namba ya nguvu yake ikapanda kwenye skrini. Nikapiga makofi. Peke yangu, lakini makofi ni makofi.

Jumanne, 9 Septemba

Dk. Penina, mkuu wa maabara, ametangaza kwamba Ijumaa mchana tuna wageni kutoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali. Wanataka kifaa cha kuonyesha unyevu wa zabibu kavu bila kufungua pakiti, maana wakulima wa Hombolo wanapoteza mizigo kwa ukungu. Mwenye lenzi itakayochaguliwa ataongoza mradi. Kiongozi wa Mradi, Silvano! Nimeshapima mlango mahali pa kibao cha jina.

Halafu Rukaya, tunayefanya naye kazi chumba kimoja, akasema kwa upole kuwa naye anayo. Ameyeyusha mishumaa akaimimina kwenye kalibu. Lenzi ya mshumaa! Inafanana na kipande cha sabuni ya kufulia. Nikampa pole. Akajibu, "Asante, Kaka Silvano." Mtu asiyeona dharau anaudhi sana.

Nyumbani Anastazia anakatia vitunguu kiganjani. Nimemwambia kibao kinahitajiwa na taifa. Akasema basi taifa lije likate vitunguu.

Jumatano, 10 Septemba

Mpango! Nimejitolea kupanga meza za maonyesho. Ya Rukaya nimeiweka kwenye dirisha la magharibi, ambako jua la mchana la Dodoma halimwonei mtu huruma. Mshumaa utajua wenyewe. Nikasema ni mahali pa heshima. Rukaya akashukuru, kisha akaifunika lenzi yake kwa boksi la biskuti isipate joto. Nimecheka kimoyomoyo. Ndani ya boksi wageni wataona nini?

Alhamisi, 11 Septemba

Lenzi yangu ina kasoro moja tu. Inaonekana kama kibao cha kukatia mboga. Ina alama za kisu na inanuka kitunguu. Wakubwa hawawezi kukabidhi mradi kwa kitunguu.

Nimekwenda dukani kwa Iddy, wanakonunua mafundi wa mageti. Nimechukua rangi ya fedha ya kupuliza. Iddy ameapa ina unga wa alumini halisi. Halisi! Sikutaka kusikia zaidi. Nimepuliza mbele na nyuma. Nimejitazama humo, nikajipenda.

Kuijaribu tena? Ya nini? Kilichofaulu Jumatatu hakiwezi kufeli Ijumaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Wageni waliingia wakaja moja kwa moja kwenye lenzi yangu. Mama Violeth, kiongozi wao, aliitumia kurekebisha kilemba. Kifua kilinijaa. Nikawasha mashine.

Sifuri.

Nikaipiga mashine kofi. Sifuri. Nikasema umeme mdogo. Taa zote zilikuwa zinawaka.

Rukaya akawasha yake. Hata boksi hakuliondoa! Mawimbi yakapita boksi, yakapita mshumaa, yakaingia kwenye pakiti na kuonyesha doa la unyevu kwenye kona. Pakiti ikafunguliwa. Kweli, zabibu za kona ile zilikuwa zimelowa. Makofi, na safari hii ya watu wengi.

Mama Violeth akaniuliza nani kaandika maneno yale ukutani. Nikasema ni mimi. Akayatazama maneno, akaitazama lenzi, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Nadhani ni heshima.

Mradi kapewa Rukaya. Nimeumia, sitajidanganya. Nilikaa nyuma ya jengo mpaka magari yao yakaondoka. Rukaya akanifuata huko huko, akasema anataka mimi ndiye niwe mchongaji wa lenzi zote, maana hajaona miduara safi kama yangu. Akaniomba tu niikwangue ile rangi.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeikwangua, mbele na nyuma. Nimewasha. Namba ikapanda, ikaipita ya Rukaya! Dk. Penina alikuwepo. Akajishika kichwa, akasema, "Silvano, jana ungeshinda." Rukaya alianza kunieleza habari za rangi, lakini nilikuwa nimeshaelewa.

Kukwangua kunaongeza nguvu! Ni ugunduzi wangu, hakuna aliyewahi kuuandika. Ijumaa kosa langu lilikuwa kuwahi kuwasha kabla ya kukwangua.

Nimerudi kwa Iddy. Safari hii nimechukua ya dhahabu, makopo mawili, ili kuwe na cha kutosha kukwangua. Anastazia naye amenunua kibao kipya, amekificha juu ya kabati. Nimekiona. Kipana kuliko cha kwanza.