Kochi la Siku ya Posa

Jumatatu, 5 Agosti 1991
Nimenunua kochi la ngozi! La Mbelgiji wa kilima cha Rebero aliyerudi kwao. La kahawia, lina madoa ya mvinyo, lakini ngozi halisi. Jumapili wanakuja kumposa binti yangu Shakira, na hawatakalia mabenchi kama wateja wanaosubiri suruali. Shemeji Usumani, mwenye makochi ya kitambaa yaliyofunikwa nailoni, amejitolea posa ifanyike kwake. Nimemshukuru kwa ubaridi. Mama Shakira anasema kulifuta kwa kitambaa chenye unyevu kunatosha. Mke mwema, ila mambo ya ngozi hayajui. Mimi ni fundi cherehani, miaka ishirini na mbili.

Jumanne, 6 Agosti
Sabuni ya kufulia, brashi, ndoo mbili, kisha juani. Madoa yametoka. Rangi nayo imetoka. Kufikia alasiri kochi limekuwa gumu. Usumani kapita, kauliza kama ni la kukalia au la kubishia hodi. Wivu mtupu.

Alhamisi, 8 Agosti
Nimekumbuka! Bibi yangu alilainisha ngozi ya kubebea watoto kwa samli. Nimepaka kilo mbili. Laini ajabu! Paka wa jirani amelamba mkono mmoja wa kochi wote. Mama Shakira anadai nyumba inanuka zizi. Nimemkumbusha kwamba zizi ni utajiri.

Jumamosi, 10 Agosti
Limebaki suala la rangi. Dawa ya viatu ya kahawia, makopo matano, juu ya samli. Linang'aa hadi najiona ndevu! Mama Shakira kaniomba nijaribu kwanza kwa kitambaa cheupe. Hana imani na mumewe. Kiatu hukauka kwa dakika moja, kochi nimeliachia siku nzima.

Jumapili, 11 Agosti
Baba mkubwa wa kijana anayeposa alikuja na kanzu nyeupe, ya pasi. Nikamkalisha kochini mwenyewe. Akateleza. Akajivuta juu, akateleza tena. Kisha akasimama kutoa posa, akageuka kuwaita wenzake, na sote tukaona mgongo wake. Kahawia, kuanzia mabegani hadi magotini. Shakira alikimbilia jikoni akilia. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee akajitazama, akanusa mkono wa kanzu.

“Binti tumempenda,” akasema. “Lile kochi libaki kwenu.”

Posa imepita! Usumani akatoa nyumba yake kwa ajili ya harusi. Mama Shakira akakubali kabla sijafungua mdomo.

Jumatatu, 12 Agosti
Nimetafakari. Kosa langu ni moja tu: rangi. Kanzu nyeupe na dawa ya kahawia, wapi na wapi? Leo nimenunua dawa nyeupe ya raba, makopo kumi, na samli kidogo. Kochi nitawapa maharusi. Mzee alisema libaki kwetu, lakini hiyo ni adabu tu: muungwana hapokei zawadi mara ya kwanza. Mama Shakira bado sijamwambia.