Kiwiko Changu Katika Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kwa Ndugu Mhariri wa Kitabu cha Miaka Hamsini,
Kampuni ya Simu ya Kanda,
Makao Makuu, ghorofa ya sita.

YAH: HISTORIA KUSAHIHISHWA NA LAINI YA MAMA YANGU KUTOKATWA

Ndugu Mhariri, natumaini wewe ni mzima na kiyoyozi chako pia. Mimi ni mchimba mashimo ya nguzo, kikosi cha tatu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Kitabu chako kimetufikia kambini. Tulikuwa tumeomba makoti ya mvua, tukaletewa historia. Hatulalamiki. Jalada ni la nailoni, na kila mtu anajifunika kichwa kwa nakala yake. Kosa langu ni kuifungua yangu.

1. Ukurasa wa arobaini na moja yupo Mkurugenzi wa wakati ule na sululu, na chini mmeandika kwamba anachimba shimo la nguzo ya mwisho "kwa mikono yake mwenyewe". Shimo lile ni mwamba mtupu, nililichimba siku mbili. Yeye alishika sululu kwa muda wa picha moja, tena kinyume. Kiwiko kinachoonekana pembeni ni changu. Sidai jina. Ongezeni tu maneno mawili: "na kiwiko".

2. Mnasema simu ya kwanza ya laini ile ilipigwa na mgeni rasmi, akatamka, "Leo umbali umekufa." Maneno matamu. Lakini kwetu sisi wachimbaji, anayeshindilia udongo wa nguzo ya mwisho ndiye anayejaribu waya, wageni wakiwa bado wanavaa tai. Nilipiga mimi. Laini ilianzia kijijini kwetu, na simu yake iko dukani. Waliniitia mama.
"Mama, ni mimi."
"Wewe nani?"
"Mwanao wa mwisho."
"Umekula?"
"Nimekula, mama."
"Basi weka chini, kuna wenye shida za kweli."
Hiyo ndiyo historia. Iandikeni.

3. Sura ya mwisho mnatangaza kwamba laini za zamani "zisizo na watumiaji" zitang'olewa kuanzia mwezi ujao, na ya kwetu ya kwanza. Mtumiaji yupo. Kila Jumapili saa nne asubuhi anakaa kwenye benchi la duka, amevaa kama anakwenda harusini, akingoja nipige. Nilimtumia simu ya mkononi, ameifunga kwa kitambaa na kuiweka kabatini. Anasema, "Ile haina mtu ndani. Hii ina waya, na najua mwisho wake umeushika wewe." Hajakosea. Niliajiriwa nguzo ya kwanza, mbele ya nyumba yake, nikaondoka nyumbani shimo kwa shimo, yeye akinitazama mpaka nikawa mdogo. Nguzo elfu sita mia mbili na kumi na nane. Likizo yangu ni siku nne, na safari ni siku mbili kwenda, mbili kurudi. Nilijaribu mara moja, nikamwamkia na kumuaga kwa pumzi moja. Mkikata waya, mmemkata na mtoto.

4. Kama ni kukata laini zisizo na mtu, tuanze na ya ofisi yako. Nimepiga mara kumi na moja, na mashine inaniambia simu yangu ni muhimu sana kwenu. Mama hupokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Ngazi ninayo.

5. Nimesoma orodha ya mali za kampuni, ukurasa wa tisini. Nguzo zimo, waya umo, hata vikombe vya kauri vya juu ya nguzo vimo. Mashimo hayamo. Kama si yenu, ni ya aliyeyachimba. Kwa hiyo nakujulisha kwa heshima zote kwamba hakuna nguzo itakayotolewa ndani ya shimo langu bila ruhusa yangu, na ruhusa sitoi.

Nisalimie karani wa masijala, mlinzi wa getini, na yule mama wa chai ambaye naye hayumo kitabuni. Mashine ya simu pia, maana tumezoeana.

Ni mimi, mwenye mashimo,
Kikosi cha tatu.

Nyongeza: Nikiwa nafunga bahasha, msimamizi ameleta amri. Kikosi kitakachong'oa laini ile ni cha tatu. Tunaanzia mjini, nguzo kwa nguzo, mpaka ya kwanza, ambayo iko hatua kumi na mbili kutoka mlango wa mama. Tafadhali futa la tatu, la nne na la tano. Laini haina mtumiaji hata mmoja, mlichunguza vizuri sana. Ruhusa ya mashimo yote elfu sita mia mbili na kumi na nane nimeitoa, na mkichelewa nitalalamika. Nimempigia mama kumweleza. Akasema, "Sasa mbona bado uko kwenye simu? Weka chini, ukang'oe."