Jina la Mrithi

Jumatatu, tarehe 4

Dada, niwie radhi. Daftari hili ulinipa nikiwa na mimba, ukasema niandike kila siku, likijaa nikutumie usome. Mtoto sasa ana meno mawili na ukurasa wa kwanza ndio huu. Si dharau. Mkono mmoja una mtoto, wa pili una mwiko, wa tatu Mungu hakunipa.

Hali ni mbaya. Unajua Baba Mtoto alivyoacha jembe akawa wakala wa bima. Leo meneja wake amekuja na pikipiki. Tumemwekea kiti, hakukaa. Amesema atarudi Ijumaa. Akikuta watu watano wamekata bima ya maisha, heri. Asipowakuta, anaondoka na begi, tai na kitambulisho.

Kazi ikienda, chumba kimekwenda. Tutarudi kwa mama mkwe, kulala nyuma ya pazia. Nimelala nyuma ya lile pazia mwaka mzima. Nikikohoa, anauliza kulikoni. Nikinyamaza, anauliza kulikoni. Hapa nina mlango wangu na komeo langu. Sirudi.

Mchana nimemfuata Baba Mtoto kwa siri, mtoto mgongoni, nisikie anawaambia nini watu. Amebisha hodi kwa bibi mfuga kuku. Amevua kofia kwa adabu. Kisha amesema, "Bibi, nimekuja kukukatia maisha."

Neno bima limemezwa na woga. Bibi amefunga mlango. Halafu dirisha. Halafu kuku.

Nimemwambia asiseme kukata, aseme kuandikisha. Amefanya mazoezi mbele ya kioo. Jioni ameenda kwa kinyozi na kumwambia amekuja kumwandika, kwa maana kifo hakipigi hodi. Kinyozi alikuwa na wembe mkononi. Mtu aliyekuwa kitini ametoka mbio na nusu ya ndevu.

Ni mtu mwema, dada. Anawaeleza watu ukweli wote, hata ule ambao hawajauliza. Mahindi hayakuwa na shida na ukweli. Watu wanayo.

Jumanne, tarehe 5

Nimeingia kazini mwenyewe. Bombani, kwenye foleni, nimesimama nyuma ya mke wa fundi cherehani. Nimesema kama mtu anayejisemea, kwamba kwenye bima kuna mahali pa kuandika mrithi. Mume anayempenda mkewe humwandika yeye. Asiyempenda, ukimuuliza, hubadilisha mazungumzo.

Ameweka ndoo chini. Amesema wake hubadilisha mazungumzo hata akiulizwa chumvi.

Mbegu imeota kabla ya jioni. Fundi amekuja na futi yake shingoni, akauliza kwa sauti ya chini kama bima inaweza kuanza leo hii, apate kula kwa amani. Mteja, dada! Amekuja kwa miguu yake! Na Baba Mtoto amemwambia asiwe na haraka, akafikirie kwanza.

Nimeangusha sufuria makusudi. Hakuelewa. Ameniokotea mfuniko.

Jumatano, tarehe 6

Fundi bado anafikiria. Kuni moja haiwaki, nikaona niongeze ya pili.

Nimeenda kwa mama yake, muuza mkaa wa pale pembeni. Nimempa hongera. Nimesema nasikia mwanawe anakata bima, na bila shaka mrithi ni yeye, tumbo lililomzaa, maana wake hubadilishwa lakini mama ni mmoja.

Ameuliza nani amesema hajaandikwa. Nimesema mimi sijasema hivyo. Amesema, "Kwa hiyo sijaandikwa." Ameacha mkaa wazi, ameondoka.

Nikapita kwa mke wa kinyozi. Nikapita kwa mama wa kinyozi. Mgongo unaniwaka moto, lakini nimelala nikiwaza komeo langu.

Alhamisi, tarehe 7

Moto umewaka. Kwetu.

Fundi amelala juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Mkewe anamuuliza swali moja, mama yake swali lilelile, na jibu lolote lina adui. Amekuja kutuambia hataki bima ya mtu, ya cherehani wala ya mkasi. Kinyozi hakuja, ametuma salamu, na salamu zenyewe siziandiki.

Hakuna hata mmoja, na meneja anakuja kesho. Baba Mtoto amekaa kitandani akauliza ni pepo gani ameingia mjini, na nani anawaambia watu mambo haya. Amenitazama. Nimemtazama mtoto. Mtoto ametazama dari.

Kisha ameikunja tai taratibu, kama nguo ya mtoto mchanga, akaiweka ndani ya begi. Ameniuliza kama lile pazia kwa mama bado lina tundu. Nimemwambia alale. Dada, nilitamani anigombeze.

Ijumaa, tarehe 8

Wamekuja kabla sijawasha jiko. Mke wa fundi, mama wa fundi, mke wa kinyozi, mama wa kinyozi. Walikutana bombani wakalinganisha maneno, wakagundua yametoka kinywa kimoja. Mama wa fundi amesema hajawahi kuona mwanamke mdogo hivi mwenye ulimi wa kuzunguka mtaa mzima bila nauli.

Nimeshika komeo. Na pikipiki ndiyo hiyo, inapiga kona.

Baba Mtoto ametoka akasimama kati yangu na wao. Amesema wakala ni yeye, mwenye swali amuulize yeye.

Mke wa fundi akasema sawa. Akamuuliza kama yeye mwenyewe amekata hiyo bima. Akajibu ndiyo, wakala hakubaliwi bila kukata yake kwanza.

"Na mrithi wako nani?"

Hata mtoto ameacha kunyonya. Mimi nilikuwa natabasamu, dada, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua.

"Mama," akasema.

Meneja, akitaka kumsaidia, akauliza kama ana maana ya mama mtoto.

"Hapana. Mama yangu mimi. Aliniuliza nikamwambia nimemwandika, ikabidi nimwandike kweli, nisiwe mwongo."

Mama wa fundi amepiga makofi, akasema angalau mmoja hapa alilelewa. Mke wa fundi hakucheka. Amenitazama, hasira yote ikamtoka usoni. Amekuja, amempokea mtoto. "Pole, mwenzangu." Nimechukiwa na kuhurumiwa kabla chai haijachemka, na huruma ndiyo iliyouma.

Kisha amemgeukia meneja. Mwanamke anaruhusiwa kujikatia mwenyewe? Anaruhusiwa. Na mrithi anamtaka yeye? Anayemtaka yeye.

"Andika. Mrithi ni binti yangu. Baba yake asipate hata kipande cha uzi."

Mama wa fundi akasema hawezi kushindwa na mkwe wake mlangoni kwa watu, naye aandikwe. Mrithi nani? Amefikiri. Akasema huyohuyo binti, mjukuu hajamkosea mtu. Mke wa kinyozi akafuata. Mama wa kinyozi akamsukuma, akafuata.

Meneja amehesabu kwa vidole. Wanne. Amelitazama begi.

Nimesema wa tano ni mimi.

Baba Mtoto ndiye aliyeshika kalamu. Ameniuliza jina la mrithi, macho hayakuinuka. Nilitaka kumwandika mama yangu, nimkomeshe. Ulimi ulikuwa tayari. Nikaona kola ya shati lake, ile niliyoishona kwa mkono, jinsi ilivyolowa jasho.

Nimetaja jina lake. Ameliandika vibaya, jina lake mwenyewe.

Begi limebaki. Tai imebaki. Meneja amekaa kwenye kiti.

Jumamosi, tarehe 9

Baba Mtoto amefua nguo za mtoto bila kuombwa. Ameniahidi atabadilisha jina la mrithi mara tu atakapopata ujasiri wa kumwambia mama yake. Dada, tukingoja huo ujasiri mtoto ataota ndevu.

Kwa hiyo nimeanza. Nimemtumia mama mkwe ujumbe kwamba kuna sheria mpya, kila mrithi mwenye mvi apimwe na daktari hapa kwangu, uzito usomwe kwa sauti mbele ya watu, kisha sindano mbili. Anaweza kujitoa akitaka, si lazima. Daktari ni mke wa fundi. Ana kimo, ana sauti, na mama mkwe hamjui. Baba Mtoto hajui kitu. Safari hii hakuna pa kuharibikia.

Daftari halijajaa lakini nakutumia hivyohivyo, maana mama mkwe amejibu kwamba anakuja Jumapili ijayo, tarehe 17. Nitumie haraka koti jeupe refu, lisilo na jina la hospitali mfukoni. Mizani ya kusimama, hata mbovu, na kama inazidisha ni bora zaidi. Miwani ya mtu yeyote. Dawa ya fizi za mtoto. Na bomba la sindano bila sindano yake, lile kubwa, la ng'ombe.